Mama Mwenye Nyumba na Vitanda vya Watu

Katika nyumba yenye viti vingi kuliko watu, mama mwenye nyumba wetu alikaa chini. Alikuwa na mkeka wa ukili uliochakaa pembeni, ameutandika kwenye mlango wa kutokea uani, na hapo ndipo alipokula, alipopokea kodi, alipogombana na wapangaji na alipofanyia kazi. Viti vilipangwa nyuma yake, vingine vimepinduliwa juu ya vingine, miguu hewani. Mgeni akitaka kuvuta kimoja akalie, alimzuia.

"Hicho cha watu. Kaa hapa na mimi."

Watu gani, hakusema. Wenyewe walikuwa hawajaja kukinunua.

Nyumba ilikuwa Kariakoo, upande wa kuelekea Jangwani. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, na uani nyuma penye jiko, choo na bomba moja. Mimi na mume wangu tulipanga chumba cha tatu mkono wa kushoto tulipotoka Masasi, yeye akiwa amepata kazi bandarini. Tulikaa pale miaka kumi na mmoja. Ninayoyaandika hapa niliyaona, na yale niliyoyasikia nitasema kuwa niliyasikia. Ukoo wake siujui vizuri na sitaki kuubuni. Shule yangu ni darasa la nne.

Kazi yake ilikuwa kununua samani kuukuu na kuzirudisha katika hali ya kutazamika. Miaka ile watu wengi walikuwa wakihama mji, wengine wakivuka bahari wasirudi, wengine wakihamishiwa mikoani, na vitu vyao viliishia mnadani. Jumamosi asubuhi alijifunga kanga zake, akavaa kandambili, akaenda. Kabla ya adhuhuri tulisikia sauti yake barabarani ikimgombeza mwenye mkokoteni: "Taratibu! Hujabeba mahindi!" Sisi wa ndani tukajua tusogeze masufuria, maana uani pangejaa.

Nilifuatana naye mnadani mara nyingi. Hakutazama kitu kwa mbele. Alikipindua kwanza, akachutama, akakwaruza chini kwa ukucha, akanusa ukucha. "Mbele ni mahali pa kudanganyia," alisema. Mninga aliujua kwa harufu, mvule kwa uzito, na mbao za makasha ya chai kwa jinsi muuzaji alivyoanza kusema haraka haraka.

Rangi ya zamani aliikwangua kwa vigae vya chupa. Alikuwa na vigae vyake kwenye ndoo, kila kimoja na kazi yake, cha mviringo kwa miguu iliyokerezwa, cha ncha kwa pembe, na ole wako ukivichanganya. Gundi aliipika katika kopo la maziwa, ikanuka kwato mtaa mzima. Msasa wa dukani ulipoadimika, aliagiza majani ya ule mti wenyewe wa msasa kutoka Kisarawe, yakaja yamefungwa ndani ya kanga kama mboga. Mume wangu alirudi kazini akayakuta ukumbini.

"Leo tunakula nini, mama? Kisamvu?"

"Kula, baba," akamjibu bila kuinua uso. "Ulimi wako unahitaji kulainishwa."

Rangi ya mafuta nayo, ilipopatikana, ilipatikana ya namna moja kwa mji mzima. Kuna mwaka makabati yote yaliyotoka kwetu yalikuwa ya kijani, kijani kile cha milango ya hospitali. Ukiingia nyumba za Ilala na Magomeni ukaona moja, ulijua limepita uani kwetu. Lakini mti mzuri hakupenda kuupaka rangi. Kuupaka mninga rangi, alisema, ni kumvika bibi harusi gunia. Akapata dawa ya viatu ya kahawia, akauchua kwa kitambaa cha kanga kuukuu mpaka ukang'aa kama tende.

Siku moja alikuja bwana mmoja mwenye duka la jumla, mtu wa Kilimanjaro, mpole, akataka meza ya mninga ipakwe rangi ya bluu. Bibi yake ndiye aliyeitaka hivyo.

"Sipaki," mama mwenye nyumba akasema.

"Mama, hela ni yangu."

"Na meza bado ni yangu."

"Sasa nikamwambie nini mke wangu?"

"Mwambie umemkuta mwendawazimu."

Bwana yule akarudi kesho yake, na keshokutwa, mwisho akaja na mkewe mwenyewe. Wale wanawake wawili wakazungumza dakika chache kando ya bomba, sikusikia walichosema. Meza ikapakwa bluu. Mama aliipaka huku akiitukana kwa kila mpako, akaipaka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akipaka, mipako mitatu, bila tone wala mfereji. Nikamuuliza kwa nini amekubali. Akasema, "Yule ana mimba na anaitaka meza ya bluu. Mimi ni nani?"

Basi ndivyo alivyokuwa. Alisema jambo kama msumari, halafu ukamkuta analing'oa mwenyewe.

Alikuwa na hofu na wakubwa, ingawa hakuionyesha. Miaka ile neno unyonyaji lilikuwa jepesi midomoni mwa watu, na mwenye nyumba ya kupangisha alijua linaweza kumwangukia. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja asubuhi moja na daftari kwapani.

"Ndugu, kuna maneno kwamba hapa pana kiwanda."

"Cha nani?"

"Chako. Na una mfanyakazi." Akaninyooshea kidole mimi niliyekuwa nimeshika kigae.

"Huyu? Huyu mpangaji wangu. Anakuja kukwangua akichoka kufua, halafu ananinywea chai ya sukari, na sukari yenyewe unajua ilivyo. Sasa niambie, balozi, hapo nani anamnyonya mwenzake?"

Wapangaji wakacheka madirishani. Balozi akaona afadhali akae, akavuta kiti kilichokuwa karibu.

"Usikalie hicho, gundi—"

Alikuwa ameshakaa. Alipoondoka, kiti kilimfuata hatua mbili. Mama hakucheka mpaka mlango ulipofungwa. Lakini wiki iliyofuata alipeleka meza nzuri ya droo mbili ofisi ya tawi, bila kuombwa na mtu. Sijui kama ulikuwa woga au ukarimu. Nadhani ni vyote viwili.

Jambo lililomfanya ajulikane zaidi lilikuwa vitanda. Watu wanaogopa kitanda cha mtu. Mnunuzi anakitazama, anakipenda, anakizunguka, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Mwenyewe yuko wapi?" Maana yake, alikifia? Mama hakumjibu. Alimwonyesha. Kila kitanda alikiosha kwa maji ya chumvi, akakianika juani siku nzima, kisha akaweka chetezo chini yake na kukifukiza ubani mpaka moshi ukatokea kwenye kila kiungo. Ila kabla ya hayo yote aliondoa alama. Majina yaliyochongwa, miduara ya vikombe, vidoa vya mshumaa, tarehe alizoandika mtu kwa kalamu ya risasi ubavuni, vyote vilizibwa kwa vumbi la mbao lililokandwa na gundi, vikapigwa msasa, vikapotea.

"Ubani haufai kitu kama mtu bado yumo," alisema. "Kitanda kikitoka kwangu hakina mtu."

Alisema hivyo kwa fahari, na watu walitoka mpaka Temeke kumfuata kwa ajili ya hilo.

Lakini vitu alivyovikuta ndani ya droo hakuvitupa. Kifungo, kibanio cha nywele, tasbihi iliyokatika, risiti ya fundi cherehani. Vyote aliviweka katika debe la biskuti. Nilimwuliza vya nini. "Si vyangu vya kutupa," akasema.

Hakuwa na mtoto. Watoto wetu wapangaji aliwafukuza uani kama kuku wanaoparua mchele. Tulijua alikuwa ameolewa zamani, akaachwa, akatoka na furushi la nguo na talaka yake, na nyumba hii aliirithi kwa shangazi. Wanawake jikoni walisema hakujaliwa kizazi, ndiyo maana ana hasira na watoto. Nami nilisema hivyo pamoja nao. Naandika hili kwa sababu ni kweli.

Katika mwaka wetu wa tatu pale kilikuja kitanda kilichofunguliwa. Kilikuwa na matendegu manne, ndiyo miguu, ya kukerezwa, ubao wa kichwani na wa miguuni, na mifumbati miwili, yaani zile mbao ndefu za ubavuni, vyote vimefungwa kamba pamoja. Vilikuwa vimepakwa rangi nyeupe, chini ya nyeupe kijani, chini ya kijani nyeusi. Alikichukua mnadani pamoja na vitu vingine vingi, na mteja alikuwa akikingoja, kwa hiyo tulifanya haraka. Yeye alishika matendegu, maana yalikuwa yamelegea na yalitaka mkono wa kujua. Mimi akanipa mifumbati. Katikati ya mmoja, kwenye ukingo wa juu, rangi ilipotoka niliona vishimo.

"Mama, panya wametafuna hapa."

Hakugeuka. "Ziba."

"Ni vidogo tu, havionekani sana."

"Nimesema ziba. Nani atalala na panya?"

Nikaziba. Jioni alikuja akapitisha kiganja juu ya ule mfumbati toka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Sasa unaanza kuijua kazi." Nilitembea na maneno yale wiki nzima.

Mteja hakurudi. Mimi na mume wangu tulikuwa tunalalia kitanda cha kamba kilichobonyea kama mtumbwi, basi akatuuzia sisi kwa bei ya kujuana. Watoto wetu watatu wamezaliwa hapo. Tulipohamia Buguruni kupata vyumba viwili, tulihama nacho.

Miaka ilipita. Nilikwenda kumsalimu kila Idi, na yeye alinitumia kifurushi cha mchele kila Krismasi, na hivyo hivyo. Macho yake yalianza kuingia ukungu. Kisha asubuhi moja alikuja kwangu mwanamke tuliyekuwa tumepanga naye, aliyekuwa akiuza maandazi chumba cha mbele. Hakutaka hata maji.

"Mama yako wa Kariakoo kaingiwa na nini?"

"Kwani vipi?"

"Anazunguka nyumba za watu. Kila aliyemuuzia kitanda anamwendea, anaomba godoro lifunuliwe, anapapasa mifumbati. Haoni vizuri, anapapasa tu. Juzi huko Ilala wamemfungia mlango, wanasema kaleta uchawi."

"Anatafuta nini?"

Akanieleza, na haya nayasema kama nilivyoyasikia kwake. Wifi yake wa zamani, dada wa yule mume, alikuwa mgonjwa sana, akamwita kumwomba radhi kama watu wanavyofanya wakijiona wanaondoka. Akamwambia, kile kitanda chenu cha harusi, kaka alipokufa tulikipeleka mnadani, na aliyekinunua ni wewe mwenyewe. Niliuona mkokoteni ukiondoka nawe ukiufuata nyuma. Niliona haya kukwita.

"Sasa kitanda tu, kina nini?" nikauliza.

"We hujui? Alizaa yule. Alizaa mmoja, akafa hata kutembea bado. Hana picha yake, hana nguo yake, hana kitu. Anasema mtoto alipokuwa akiota meno alikuwa anaking'ata kitanda, pale ubavuni anaposimama kushikilia. Alama ndizo anazitafuta."

Kwangu alikuwa hajafika. Vitanda alivyouza vilikuwa vingi, na mimi nilikuwa mbali. Alianza na wa karibu.

Ningependa kuandika kwamba nilikwenda siku hiyo hiyo. Sikwenda. Nilikaa siku nne. Niliogopa kwamba nimezifuta zile alama kwa mikono yangu. Niliogopa pia, nisifiche, kwamba atakitaka kitanda. Na kitanda chetu ni cha mninga, mti mgumu. Mume wangu aliuliza, "Meno ya mtoto mchanga yanaweza mninga?" Sikujua. Labda walikuwa panya kweli, na mimi ningempelekea panya.

"Halafu kosa lako liko wapi?" mume wangu akasema. "Aliyesema ziba ni yeye mwenyewe."

"Ndiyo maana siwezi kwenda," nikamwambia.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Niliamka, sikuvaa nguo za kanisani. Nikaondoa godoro. Mume wangu alinitazama, akaenda kuleta nyundo, akagonga viungo taratibu mpaka mfumbati ukachomoka. "Leo tutalala chini kama siku tulizofika mjini," akasema. Pale nilipoziba palikuwa pamekuwa peusi kidogo kuliko ubao, ukubwa wa jani la mwarobaini. Sikupagusa. Niliona si haki yangu.

Niliubeba kichwani juu ya kata ya kanga, toka Buguruni, nikakatiza Ilala, hadi Kariakoo. Vijana kijiweni waliniita. "Mama, ubao mmoja? Una mume nusu?" Nikaongeza mwendo.

Nilimkuta kwenye mkeka wake. Uani palikuwa na viti viwili tu na kabati lisilo na milango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, wa chumba cha tatu. Wa Masasi."

"Karibu mwanangu. Umebeba nini? Nimesikia mti umegonga mlango."

"Mfumbati, mama."

Nikauweka mbele yake juu ya mkeka. Akainama akanusa, kama nilivyomwona akifanya mara elfu. "Mninga," akasema kwa sauti ndogo.

Nikamwambia yote. Nilimwambia habari ya panya, na kwamba sikusisitiza aje kuona, na kwamba nilikaa na habari hii siku nne. Alisikiliza ameweka mikono miwili juu ya ubao kama mtu anayezuia usiondoke.

"Nilisema ziba," akasema.

"Ulisema ziba, mama. Na mimi nikaziba."

Kisha akauliza swali ambalo mtu mwingine asingeliuliza. "Ulipiga msasa kwanza, au uliziba kwanza?"

Nilijua anachouliza. Yeye alinifundisha kupiga msasa kwanza, ili vishimo vidogo viishe vyenyewe, na kinachobaki ndicho kizibwe. Kama nilifanya alivyonifundisha, hapakuwa na kitu tena chini ya ile gundi.

"Niliziba kwanza."

"Kwa nini? Nilikufundisha hivyo?"

"Hapana mama. Mteja alikuwa anangoja, nikafanya haraka. Nilikosea."

Akacheka. Lilikuwa cheko fupi, la puani. "Alhamdulillahi," akasema. "Mwanafunzi mbaya."

Alinituma maji ya moto na kitambaa. Gundi ile ya kupika hulainika ikipata joto, na ndivyo alivyofanya, akakikamua kitambaa, akakiweka juu ya lile doa, akakiinua, akakiweka tena. Halafu akanipa sindano ya kushonea magodoro na kuniambia nichokoe, nisikwaruze. Alihesabu pumzi zangu. Nikitaka kuharakisha alinigusa goti. Vumbi la mbao lililolowa lilitoka kidogo kidogo, kama nyama inayochokolewa menoni. Kazi hiyo ilitufikisha alasiri.

Nilipomaliza alipitisha kidole gumba, akakipitisha tena, akatikisa kichwa. "Vidole vyangu vimekufa. Msasa umeviua. Sihisi kitu, na huko kote nilipapasa bure." Akaurudisha ubao kwangu. "Nitazamie wewe. Usinifurahishe. Niambie unachokiona."

"Naona vishimo, mama."

"Vingapi?"

"Vinne."

"Vimekaaje?"

"Viwili viwili. Viwili hapa, na viwili kando yake."

Bomba lilikuwa likidondosha maji kwenye ndoo ya mtu.

"Alikuwa na meno mawili tu," akasema. "Ya chini."

Niliinamia ubao nikahesabu tena. Ningeweza kusema viwili. Asingejua, na pengine nilipaswa. Nilihesabu mara ya tatu huku nikiomba nikosee.

"Ni vinne, mama."

Akanyoosha mkono akautafuta ule ubao, akauvuta mpaka mapajani, akaweka gumba lake pale pale.

"Basi aling'ata mara mbili," akasema.